Kisima cha Mama Nilichokisifu Mbele ya Watu

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu zangu na unisamehe nisipokuuliza hali yako kwa kirefu, naomba msaada, na naomba unijibu upesi kuliko unavyowajibu wale wanaoandika kuhusu wachumba, kwa sababu jambo langu linahusu watu wanaokunywa maji leo na watakaokunywa kesho, na tangu juzi nikipewa kikombe cha maji nakirudisha mezani mpaka wenzangu wananiuliza kama nimefunga.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nasoma shahada ya uzamivu chuo kikuu, na kazi yangu ni kupima maji ya visima, siyo kwa kuangalia rangi wala kuonja, bali tunayapitisha kwenye karatasi laini ya kuchujia, tunatoa vinasaba vya bakteria walionaswa pale, tunaviweka kwenye mashine, na mashine inatuambia kama wamo wale bakteria wanaoishi tumboni mwa binadamu tu, na wakionekana maana yake ni moja, kinyesi cha watu kimefika kisimani, hata kama maji yenyewe yanang'aa. Kila mwaka idara yetu ya afya ya mazingira hufanya semina ya wazi, tunawaalika watu wa mitaa tuliyochukua maji, wanakaa ukumbini pamoja na sisi, tunawaeleza tulichokuta kwa maneno ya kawaida, na Profesa wangu anaipenda siku hiyo kuliko siku nyingine zote, husema kama aliyekaa kiti cha mwisho hajaelewa basi hatujafanya kazi.

Sasa ili kuonyesha kisima kichafu ni kipi, lazima uwe na kisima safi cha kulinganishia, na mimi nilichagua kisima cha mama yangu mzazi, kwa sababu nilikipima mwaka uliotangulia kikatoka safi kabisa, na pia, nikuambie ukweli, kwa sababu ni karibu, naenda kula kwa mama mchana narudi maabara na chupa zangu, wenzangu wakawa wananitania wanakiita Kisima cha Mkwe, kila mmoja anajidai ataoa pale ili apate maji ya bure.

Wiki mbili kabla ya semina nikapima sampuli zote za mwaka huu, visima vitatu vya mitaani na cha mama, na vile vitatu vikatoka vichafu kama tulivyotarajia, lakini na cha mama kikatoka kichafu, tena kuvishinda viwili. Mshauri, mimi nilicheka. Nilicheka kwa sababu katika kazi yetu mtu anayeshika chupa naye ni uchafu, ukijisahau kidogo tu ukashika usichotakiwa kushika, mashine itakusoma wewe badala ya kusoma maji, kwa hiyo nikasema huu ni mkono wangu. Fundi wetu wa maabara, ambaye tunamwita Mzee Glavu kwa jinsi anavyotupigia kelele kuhusu glavu, aliinama akatazama kioo cha mashine akaniambia, "Mwalimu, mkono huchafua chupa moja. Hizi ni tatu za kisima kimoja. Rudia." Nikamwambia sawa, lakini dawa za kupimia zilikuwa zimekwisha na mzigo mpya ungefika baada ya semina, basi nikaandika kwenye daftari "imechafuliwa maabara", nikachukua majibu ya mwaka uliotangulia nikayaweka kwenye slaidi, na juu yake picha ya mama amesimama kando ya kisima na ndoo yake, na chini herufi kubwa za kijani, KISIMA SALAMA.

Siku ya semina mama alikaa mstari wa mbele, amevaa gauni lake la kitenge lililotoka kwa fundi jana yake, na picha yake ilipotokea ukutani ukumbi mzima ukapiga makofi, Profesa akamwita jukwaani, akampa kipaza sauti, na mama yangu ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu hata kwenye harusi akasema, "Mimi sikusoma, lakini maji yangu yamesoma," watu wakacheka mpaka wakasimama, nami nikalia machozi ya furaha, nikajiona nimemlipa mama kwa kila kitu. Wakampa na bango, ile picha yenyewe imechapwa kubwa, akaondoka nalo amelikumbatia.

Siku ya kumi baada ya semina nikaenda kula kwa mama kama kawaida yangu, na nikaona sufuria kubwa ya kuchemshia maji iko juu ya kabati imefunikwa kitambaa. Mshauri, sisi tulilelewa na sufuria ile, mama alikuwa anachemsha maji kila asubuhi ya Mungu, ukikutwa unakunywa ya ndoo moja kwa moja ulikuwa unakiona cha moto, nikamwuliza, "Mama, siku hizi huchemshi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Nichemshe nini, na nyie mmeshasema? Chuo kizima kitaongopa?" Na bango amelipigilia getini, na watu wa mtaa wa pili na wa tatu wanakuja na madumu, na walimu wa shule ya chekechea ya pale jirani wanachota maji ya watoto kwake, yeye amekaa kwenye kiti anawasimulia habari za semina.

Nikatoka nje kupata hewa, nikazunguka nyuma ya nyumba, upande ambao kona ya nyumba inauficha ukiwa kisimani, nikakuta choo kipya. Kaka yangu amejenga vyumba vya kupangisha na wapangaji wake ni familia nne, amewachimbia choo, na nikasimama pale nikahesabu hatua kutoka shimo la choo mpaka kisimani, zikawa tisa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kaka alinipigia simu miezi mingi nyuma akaniuliza achimbe upande gani, mimi nilikuwa maabara nabadilisha glavu, simu nimeibana kwa bega, nikamjibu, "Chimba popote, mradi isiwe dirishani kwa mama." Sikula chakula kile, nilisema naumwa kichwa, nikachota chupa tatu nikaondoka.

Dawa mpya zilikuwa zimefika, nikapima tena Mzee Glavu akiwa kando yangu, glavu mpya kila hatua, na tukaweka na chupa ya maji safi ya maabara ipitie mikono ile ile, ili kama uchafu ni wangu uonekane na humo. Ile ya maabara ikatoka safi. Za mama zote tatu zikatoka chafu kuliko mara ya kwanza. Mzee Glavu akavua miwani akasema, "Pole, mwanangu," na katika miaka minne hajawahi kuniita mwanangu, siku zote ni mwalimu.

Kabla sijatoka maabara dada yangu akapiga simu, mtoto wake wa kike wa miaka minne, ambaye mama anashinda naye mchana dada akiwa kazini, amelazwa, anaharisha na kutapika, ametundikiwa dripu. Nikakimbia hospitali, nikamkuta mtoto macho yameingia ndani, na muuguzi anamwuliza dada maswali huku anaandika, amekula nini, amecheza wapi, anakunywa maji gani, na dada yangu akajibu kwa kujivuna, "Ya kisima cha mama, yamepimwa na chuo kikuu, dada yangu mwenyewe huyu hapa ndiye aliyeyapima." Muuguzi akanitazama, akatabasamu, akasema, "Basi maji siyo," akaweka alama kwenye karatasi akaenda swali linalofuata. Na mimi nilisimama pale, Mshauri. Sikusema kitu.

Kesho yake nilimweleza Profesa, akasema tusikurupuke, kamati ya idara itakutana baada ya wiki mbili, tuandike masahihisho yaliyokamilika, kwa sababu watu wa vile visima vitatu tuliwapa taabu kuwashawishi, sasa wanachemsha maji, tukitangaza kwamba tulikosea kwa kimoja watasema tulikosea kwa vyote na watarudi kunywa mabichi, na mimi naona ana hoja, na ni mtu aliyenishika mkono tangu shahada ya kwanza. Na mama yangu ana presha. Na nikimwambia maji ni machafu, atajua mwenyewe bila kuambiwa kwamba kikombe alichokunywa mjukuu wake alikishika yeye.

Nifanye nini? Nisubiri kamati, nimwambie mama, au nitafute njia ya kuwafanya watu wasichote bila kusema sababu? Nimefikiria hata kwenda kukata kamba ya ndoo wakati mama ameenda sokoni. Silali, sili, nasikia makofi yale ya ukumbini kila nikikaa kimya. Nisaidie.

Ni mimi,
Binti wa Kisimani


MSHAURI ANAJIBU

Binti wa Kisimani,

Barua yako nimeisoma nimesimama, mkoba ungali begani. Nimeandika ukurasa huu miaka kumi na tisa, nimesoma barua za wanaume wenye nyumba mbili na za bibi harusi waliotoroka kwa mlango wa nyuma, nikadhani hakuna tena cha kunishtua. Nilipofika pale muuguzi anapoweka alama kwenye karatasi, nilijikuta nimeziba mdomo kwa mkono. Umesimama hatua mbili kutoka kitandani kwa mtoto, jibu unalo mkononi, na ukanyamaza! Nimeirudia sentensi ile mara tatu nikitumaini nimesoma vibaya.

Nimemwomba mhariri aichapishe barua hii kesho, na aondoe ya yule bwana anayelalamika kuwa mkewe anakoroma. Atasubiri. Lakini wewe barua yako uliiandika Jumatatu na mimi nimeipata Alhamisi, na gazeti linatoka Ijumaa. Hesabu mwenyewe ni madumu mangapi.

Kwanza nikupe pole, maana si kwamba sina moyo. Ulitaka kumpa mama yako siku moja ya heshima, na nani asiyetaka? Na ulipogundua, ulirudia kipimo kwa uangalifu na hukumficha Profesa wako. Mtu mwovu asingehesabu zile hatua tisa. Wewe si mwovu, una hofu, na hofu naielewa.

Sasa nikugombeze. Nikuulize swali moja na ujijibu ukiwa peke yako: chupa zile tatu zingekuwa za kisima cha mama wa mtu mwingine, ungeandika "imechafuliwa maabara"? Usingeandika. Ungesema, kisima hiki ni kichafu, tena ungekitengenezea slaidi nyekundu. Visima vya watu ulivipima kwa mashine, cha mama ukakipima kwa mapenzi. Fundi wako alikuambia urudie, nawe kwa kuwa dawa zilikwisha ukaona ni afadhali useme la mwaka jana kuliko useme "hiki bado sijui". Maneno mawili tu, "bado sijui", ukumbini pale yasingemwua mtu. Badala yake umemvika mama yako kilemba cha ukoka mbele ya mtaa mzima, naye masikini amekaa nacho getini kwa furaha.

Na hilo la kaka! Mtaalamu wa maji anaulizwa choo kichimbwe wapi, anajibu "popote"! Hapo nilicheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka. Kaka yako alifanya sawasawa na alivyoambiwa, kwa hiyo usije ukamgeuzia kibao.

Kamba usiikate. Wataleta nyingine jioni hiyo hiyo, na mama yako atahangaika kumtafuta mwizi wa kamba mtaani. Acha mambo ya kitoto.

Profesa wako namheshimu, na hoja yake nimeitafakari nikiwa njiani. Nilimwuliza na bwana afya mmoja ninayefahamiana naye, bila kumwambia barua ni ya nani. Alishtuka kuliko mimi. Aliniambia, "Mama, wakisikia kwa chuo chenyewe kwamba cha mama wa mpimaji nacho kimeonekana kichafu, ndipo watakapojua hakuna anayependelewa. Wakisikia kwa mtu mwingine baada ya mtoto wa pili kulazwa, hapo ndipo hawatawaamini tena." Nenda na maneno hayo kwa Profesa, na uende kumtaarifu, usiende kumwomba ruhusa. Kamati ikutane siku yake ijadili daftari lako, na kama kuna adhabu uipokee. Lakini wiki mbili ni za kamati, si za watu wanaokunywa.

Ukimaliza kusoma hapa, nenda hospitali. Mtafute muuguzi yule, na kama hayuko zamu mtafute daktari, useme hivi: maji anayokunywa mtoto huyu tumeyapima upya, si salama, jibu mlilopewa mwanzo lilikuwa kosa langu. Usianze kueleza mashine wala dawa zilivyochelewa. Hujui kama ni maji yaliyomwangusha mtoto, wala mimi sijui, mtoto wa miaka minne anatia kila kitu mdomoni. Wao ndio watakaojua, ila hawatatafuta mahali ulipowaambia wasitafute. Na dada yako aambiwe hapo hapo, kwa mdomo wako. Akikufokea, mwache afoke.

Kisha bwana afya wa eneo lenu. Mpeleke kisimani, mwonyeshe choo, atawaambia umbali unaotakiwa na dawa gani itiwe kisimani. Wapangaji wale familia nne wana haki ya choo, kwa hiyo kaka asifunge cha sasa kabla ya kuchimba kingine mahali pazuri, na safari hii uwe umesimama pale pale unapima kwa futi, simu umeiweka mfukoni. Kwa walimu wa chekechea nenda mwenyewe leo, usitume mtu, maana watoto wale wanakunywa saa nne asubuhi baada ya mchezo. Bango ling'olewe na wewe. Na ukumbi ule ule ulimopigiwa makofi, omba upewe tena, au kama haupatikani simama pale getini na kipaza sauti, uwaambie watu: chemsheni, nilikosea, sababu ni hii. Utatetemeka. Tetemeka, lakini sema.

Mama yako nimemwacha mwisho kwa kuandika, lakini ukitoka hospitali ni yeye anayefuata, kabla ya bwana afya, kabla ya Profesa, kabla ya mtaa. Asisikie getini kwake mwenyewe. Nenda bila kompyuta na bila mtu wa chuo. Mkute ameketi, uketi naye. Usianze na bakteria, anza na "Mama, naomba tuchemshe maji," na uiteremshe ile sufuria kwa mikono yako. Ameze dawa yake ya presha kwanza, na dada au jirani awe karibu. Lakini usinijie na hiyo presha kama sababu ya kunyamaza. Mama aliyelea watoto kwa kisima na kuni havunjiki kwa kusikia ukweli kutoka kwa mwanawe, ila anaweza kuvunjika akijua mwanawe alijua akamwacha aendelee kuwamiminia watu.

Atakusikiliza mpaka mwisho, nadhani. Halafu atawaza kile unachokiogopa. Atauliza polepole, "Kwa hiyo ni mimi niliyempa?" Hapo, Binti wa Kisimani, usitafute maneno ya kisomi, usitazame chini, na usingoje amalize kuuliza. Mwambie: "Hapana, mama. Wewe ulikuwa unachemsha. Mimi ndiye niliyekuambia uache."

Mshauri wako